Ukienda kufundisha kijiji cha ugenini, jifunze kwanza kukaa

Wiki iliyopita dada mmoja kaniandikia. Amechaguliwa kwenda kufundisha kwa kujitolea nchi ya mbali, kijijini, na anataka kujua abebe nini. Orodha yake ilikuwa ndefu: taa ya sola, chujio la maji, dawa za kila aina, vitabu vya hadithi, kalamu za rangi za kugawa. Nikamjibu, mdogo wangu, mzigo huo utapokelewa na wewe utaachwa mlangoni. Akacheka. Nadhani hakunielewa, ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Mimi nilimaliza muda wangu wote, na nalisema hilo bila aibu. Katika tulioondoka pamoja, wengi walirudi mkataba haujaisha, wakiwemo wenye vyeti vizuri kuliko changu. Giza na maji ya kisima waliyazoea upesi. Kilichowatoa ni kukaa: kukaa na watu jioni nzima huambulii neno, kukaa mahali ambapo kila mtu anajua umeamka saa ngapi na barua yako imetoka wapi, kukaa Jumapili bila kazi wala mtu wa kukuita kwa jina lako.

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliieleza hali hii vizuri mwaka 1960. Alisema mgeni huanza na kipindi kama fungate, kila kitu kinampendeza, kisha mambo hugeuka. Akataja dalili zenyewe: kunawa mikono kupita kiasi, kuhofia maji na vyombo, kukasirika kwa ucheleweshaji mdogo, kutamani nyumbani kwa uchungu. Mimi zilinipata zote, na hiyo ya hasira ndiyo iliyokuwa mbaya. Ukijikuta unamfokea mtu kwa sababu basi limechelewa, jua ni hiyo. Itapita. Usiandike barua ya kuacha kazi wiki hiyo.

Sasa nieleze nilichofanya, kwa sababu wengi walinicheka. Nilimwomba mwalimu mkuu anipunguzie vipindi muhula wa kwanza, na saa zilizobaki nikaketi dawati la nyuma darasa la watoto wanaoanza kusoma. Magoti yalikuwa hayaingii chini ya dawati. Nilisoma silabi za lugha yao pamoja nao, nikaandika kwenye daftari, nikasahihishwa kwa kalamu nyekundu kama wenzangu. Watoto walikuwa wakali kuliko mwalimu. Nikikosea matamshi darasa zima linanirudisha. Jioni walikwenda kusimulia nyumbani, na haikuchukua muda kina mama wakaanza kunisimamisha njiani wanipime. Nyumba nyingi zilinifungukia kwa njia hiyo. Na nilipopewa madarasa yangu kamili, nilijua tayari ni maelezo gani yanapotea kati ya ubao na kichwa cha mtoto.

Msimamizi wetu alipokuja kukagua, alinikuta kwenye dawati lile. Akaandika kwenye ripoti kwamba sijaonyesha ubunifu. Nakala ninayo mpaka leo. Mwenzangu aliyepaka rangi ukuta wa darasa alisifiwa kwenye kikao, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amesharudi kwao. Sisemi kwa kijicho. Nasema ujue kwamba kazi yenyewe haipigiki picha.

Lugha kwanza, basi. Vijana wa kwanza wa Peace Corps, shirika la Marekani la kupeleka watu wa kujitolea nchi za nje, waliopelekwa Ghana mwaka 1961 walikuwa walimu, na waliposhuka kwenye ndege Accra waliwaimbia wenyeji wao wimbo kwa Kitwi, lugha ya huko. Bado hawajagusa chaki, lakini walishajifunza kitu cha mwenye nyumba. Hata leo shirika hilo huwapa watu wake mafunzo ya miezi kama mitatu, na nchi nyingi huwaweka kwenye familia za wenyeji, kabla ya miaka miwili ya kazi. Kama shirika lako halikupi hayo, jipe mwenyewe.

La pili ni walimu wenzako. Wewe umekuja kwa hiari na una tarehe ya kuondoka. Wao wako pale siku zote, na wazazi wanakusifia wewe mbele yao. Usichukue kipindi cha mtu kwa sababu tu umeombwa. Shika zamu kama wengine, sahihisha madaftari kama wengine, na kwenye ofisi ya walimu sikiliza kuliko kusema. Ndiyo, narudia lilelile: kaa kwanza.

Mambo ya kukopwa pesa na kuombwa msaada yatakuja. Mimi kila ombi nililipeleka kwa mama aliyenipokea nyumbani kwake, yeye ndiye aliyejua nani ana shida na nani ananijaribu. Sijapata mshauri kama yule.

Halafu simu yako. Mwaka huohuo wa 1961, Mmarekani mmoja aliyekuwa kwenye mafunzo Ibadan, Nigeria, alimwandikia rafiki yake kadi ya posta akieleza alivyoshtushwa na maisha ya watu aliowakuta. Kadi ilianguka kabla ya kutumwa, ikaokotwa, wanafunzi wakatoa nakala na kuandamana, naye akalazimika kuondoka nchini. Ilikuwa kadi moja. Wewe una simu, na wenyeji wako wanazo pia, wanasoma unayoyaandika. Usiandike juu yao sentensi ambayo usingeweza kuisoma kwa sauti mbele yao. Picha ya mtoto mwombe mzazi ruhusa, mtoto atakubali chochote.

Na msimamizi akija na fomu yake, usijieleze sana. Mpe rundo la madaftari ya wanafunzi, ya mwezi wa kwanza na ya mwezi huo, umwache ayafungue mwenyewe.