Muulize Fundi: Mikono ninayo, cheti sina

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi marumaru hapa Masasi, huu ni mwaka wa 11. Kazi nilifundishwa na mjomba, chuo sijapita. Mwezi uliopita nilikwenda kuomba kazi kwenye jengo moja kubwa lenye vyoo zaidi ya 20. Msimamizi alizipenda picha za kazi zangu kwenye simu, halafu akauliza cheti kiko wapi. Kazi akapewa kijana ambaye kukata kona nilimfundisha mimi. Nina miaka 38. Je, nikakae darasani na watoto? Na tuko mafundi wanane tunaotaka kuanzisha chama chetu. Kina maana, au ni michango tu? (Fundi, Masasi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara mbili, maana swali hilo la cheti niliulizwa na mimi hapa Mtwara mjini mwaka 2013, enzi za gesi, nyumba za wageni zikiota Shangani kama uyoga. Niliweka marumaru ghorofa mbili za nyumba moja, na siku ya malipo nikakuta jina langu kwenye orodha ya vibarua. Aliyesaini kama fundi hakuwa amegusa hata mwiko. Uchungu ule ninao mpaka leo, kwa hiyo sikwambii upuuze.

Darasani huendi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, wengi wanauita urasimishaji wa ujuzi, na umewekwa kwa ajili ya watu waliofundishwa na wajomba zao kama wewe. Unajiandikisha, unahojiwa, unapimwa kwa vitendo, mahali ulipopungua unapewa mafunzo mafupi, kisha unapata cheti. Wewe wa Masasi unaweza kuulizia chuo cha VETA Mtwara, au kingine cha VETA kilicho karibu zaidi nawe.  Nenda na kitambulisho cha taifa, picha zako hizo, na barua mbili tatu za watu uliowafanyia kazi. Uliza fani yako wataiandika vipi, maana marumaru mara nyingi huingizwa ndani ya uashi, na mtahini anaweza kukutaka upige plasta au ujenge kona ya matofali. Fanya mazoezi ya hayo kabla. Uliza pia kama kuna awamu inayolipiwa na serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, usije ukatoa mfukoni pesa ambayo ungeiokoa.

Sasa nikueleze jambo ambalo mtahini mzuri ataliangalia, kwa sababu hapo ndipo mafundi wengi wa miaka 11, hata 20, wanapoanguka. Chukua sarafu ya shilingi 200 uende kwenye kazi uliyomaliza mwaka jana. Gonga kila marumaru katikati na kwenye pembe nne. Iliyoshika inajibu kwa sauti nzito, fupi. Iliyo tupu chini inalia kama kibuyu. Ukisikia katikati pazito na pembeni panalia, hiyo ni kazi ya madonge: fundi ameweka donge la saruji katikati na manne pembeni, akabonyeza, akaenda zake. Pembe isiyo na kitu chini ndiyo inayovunjika siku sufuria ikidondoka.

Mimi nilifanya hivyo hivyo kwenye nyumba ya mama yangu, Mikindani. Niliweka madonge, na mchanga niliuchota ufukweni kwa kuwa ulikuwa karibu na ulikuwa bure. Baada ya masika mawili ikaanza kutoka unga mweupe kwenye viungio, ndiyo chumvi ile inayopanda na unyevu. Kisha marumaru za barazani zikaanza kuachia moja moja. Mama hakunisema. Alizipanga ukutani, akawa ananisubiri nije. Nilibandua baraza zima, nikarudia kwa mchanga wa bara na mwiko wa meno: unatandaza gundi sakafuni, unaichana mistari ya upande mmoja, unaibandika marumaru na kuisogeza kidogo kukatisha mistari ili hewa itoke. Kila baada ya marumaru kadhaa bandua moja uangalie mgongo wake. Kipimo wanachofuata Marekani ni gundi ishike angalau asilimia 80 ya mgongo mahali pakavu, na asilimia 95 bafuni na nje. Mimi nimekifuata hicho tangu baraza la mama.

Na kwa kuwa nimeitaja Marekani, kuna kitu chao kitakachokusaidia kwenye swali la chama. Kule chama cha makandarasi wa marumaru, NTCA, kipo tangu 1947, na kujiunga ni ada na fomu. Cheti cha fundi kinatolewa na taasisi nyingine, CTEF: unatakiwa uwe na uzoefu wa miaka 2 au zaidi, ujibu mtihani wa maandishi, kisha siku nzima ujenge na kubandika mbele ya mtahini, naye anapima kila kiungio. Kwa hiyo kadi ya uanachama na cheti cha ufundi ni vitu viwili. Chama chenu kisianze kuwatolea watu vyeti vya kujichapishia. Mteja akishadanganywa na kimoja, vyote vinakosa thamani, hata kile cha VETA ulichokitokea jasho.

Ila chama anzisheni! Tena kabla ya msimu. Unajua inavyokuwa huku kwetu: Oktoba minada ya korosho inaanza, pesa zinaingia, na kila mkulima wa Tandahimba na Newala anataka sebule yake iwe na marumaru kabla ya sikukuu. Fundi mmoja anashika nyumba tano, anaziachia kwa wanagenzi wasiojua hata kukamata pima maji, na kufikia Machi simu zake zimezimwa. Nyinyi wanane mkigawana kazi hizo, kila nyumba itakuwa na fundi kamili. Kubalianeni bei moja ya chini kwa mita ya mraba, na andikeni kwamba marumaru ikilia tupu ndani ya mwaka, fundi anarudi kurekebisha bila malipo. Akigoma, anarudi mwingine na gharama inakatwa kwake. Hilo la mwisho litawaletea ugomvi mwaka wa kwanza. Vumilieni.

Usajili uanzieni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mwonesheni afisa orodha ya wanachama na umri wao, awaambie mnaingia kundi gani. Na kama Masasi kuna binti anayebandika marumaru, mimi nimefundisha wawili na mikono yao ni mizuri kuliko yangu, mwiteni mapema.

SWALI: Fundi wangu ana cheti kabisa, lakini jikoni marumaru nne zinalia tupu na moja imepata ufa. Nibandue zote? (Mama, Lindi mjini)

JIBU: Hapana mama yangu. Mwite kwanza mwenyewe, mgonge pamoja mbele yake, na kila inayolia itiwe alama ya chaki. Hizo ndizo zitolewe, sakafu ya chini ichongwe mpaka gundi ya zamani iishe, ndipo zibandikwe mpya. Kazi iko kwenye kupata marumaru zinazofanana: tafuta boksi la zamani, usome namba ya rangi iliyogongwa ubavuni, uende nayo dukani. Kama boksi limeshatupwa, mwambie fundi azitoe zilizo chini ya kabati zihamie katikati, na hizo za rangi tofauti zikae kule kusikoonekana.