Jibu: Je, alizeti ni dawa ya nyuki?

Mkuu, umeuliza kama kupanda alizeti kuzunguka mizinga yako kutawakinga nyuki na magonjwa. Habari hiyo ina ukweli, ila imekatwa mkia njiani.

Utafiti ulifanyika Marekani, ukachapishwa 2018. Bombus, wale nyuki wanene wenye manyoya ambao huku kwetu hawapo, walipolishwa chavua ya alizeti, kimelea kiitwacho Crithidia bombi kilipungua sana tumboni mwao. Wengi wakadhani ni kemikali. Mwaka 2023 watafiti wakatenganisha ganda la chavua na kilichomo ndani, na ganda ndilo lililoonekana kufanya kazi. Chini ya hadubini, chembe ya chavua hiyo ni duara lililojaa miiba pande zote.

Sasa wewe unafuga nyuki wa asali, na vimelea vyao ni vingine, kwa hiyo usibebe matokeo yale mzimamzima. Halafu chavua ya alizeti ina protini kidogo. Wakiitegemea hiyo tu, majana, yaani watoto wa nyuki, hayakui vizuri. Panda, nekta utapata, lakini usifyeke migunga na vichaka vinavyochanua kwa zamu.

Ukitaka kemikali hasa, tazama kahawa. Nekta yake ina kafeini kidogo, na majaribio ya 2013 yalionyesha kuwa nyuki aliyeionja hukumbuka harufu ya ua kwa muda mrefu zaidi. Ujanja wa mfanyabiashara kabisa!

Ila hiyo alizeti unaipulizia dawa gani ya wadudu? Hilo ndilo ningeanza nalo. Kama huna budi, pulizia jioni nyuki wakiwa wamesharudi.