Ninunue meza gani ya treni ndogo? Acheni kukimbilia plaiwudi ya futi 4 kwa 8

Juzi kuna mdogo wangu mmoja yuko Texas kaniandikia: "Kaka shikamoo, nimenunua seti ya treni ndogo, saizi ya HO, sasa ninunue meza gani?" Kaweka na picha ya meza ya plastiki ya kukunja, zile za kwenye sherehe. Nikaanza kumjibu kwenye simu nikaona jibu linakuwa refu, na swali hili naulizwa sana, basi wacha niliweke hapa tumalizane.

Hiyo ya plastiki hapana. Inabonyea katikati, na zile zinazokunjika mara mbili pale kwenye bawaba panacheza, reli ikipita hapo behewa linaanguka. Kupitisha waya kwa chini nako ni kazi. Irudishe, au ibaki ya kuwekea pilau.

Sasa huku Marekani ukiuliza utaambiwa chukua shiti ya plaiwudi, futi 4 kwa 8. Wanasema hivyo manake ndivyo plaiwudi inavyouzwa dukani, hakuna aliyekaa akaifikiria treni. HO ni 1 kwa 87, yaani treni halisi imepunguzwa mara 87, kona nyingi za kwenye seti zina nusukipenyo cha inchi 18, kwa hiyo duara zima ni inchi 36, kwenye futi 4 linaenea vizuri na watu wanaishia hapo. Hawakwambii kuhusu mkono wako. Mtu mzima akijinyoosha anafika kama inchi 30 hivi bila kuangusha vimiti na vinyumba, na shiti ina inchi 48. Ukiisogeza ukutani, treni itaangukia kule nyuma kabisa, utajikuta umepanda kiti. Ukiiweka katikati ya chumba unahitaji njia ya futi 2 kila upande, sa piga hesabu: futi 8 kwa 12. Una chumba kitupu cha 8 kwa 12? Mi sina, nina mke, watoto na friza la nyama.

Ya kwangu mimi ni mlango. Ndio, mlango wa flashi, ule wa ndani mwepesi ambao katikati ni mtupu, urefu inchi 80 upana inchi 30. Nilikuwa nimeshaamua kwenda N, saizi ndogo zaidi, yaani 1 kwa 160, upana wa reli yake milimita 9, kona ya nusukipenyo cha inchi 11 inageuka hapo juu na nafasi inabaki. Mlango umenyooka tangu kiwandani na unabebeka. Juu nikabandika foma ngumu ya inchi 2, ile ya bluu au ya pinki ya kuzuia baridi ukutani (sio ile nyeupe ya kufungia TV, hiyo inamomonyoka, utavikuta vipunje mpaka kwenye ugali), na gundi soma kopo kwanza, lazima iwe inayofaa foma manake nyingine zinaiyeyusha. Ukitaka mto unachonga na kisu. Chini stendi mbili za seremala, basi.

Nikaipeleka kwenye maonyesho ya treni ndogo. Kuna mzee mmoja akaja akagonga mlango wangu kwa kidole kama anabisha hodi, akawageukia wenzake wakacheka, akasema huu ni mlango una matoi juu yake. Mbele ya mwanangu. Sijasahau na sijifanyi nimesahau. Mtu nimekulia Makambako, treni ya TAZARA ikipiga honi usiku najua hii inapanda kutoka Mlimba, hii inaelekea Mbeya, leo mtu ananiambia matoi. Haya, mwaka huu maonyesho yaleyale, meza yake ya plaiwudi imebebwa na wanaume wanne ikagoma mlangoni mpaka wakaing'oa miguu hiyo meza, mimi na mwanangu tumeshika huku na huku tumeingia, treni inazunguka na watoto wamejaa. Mzee akaja kuuliza foma nanunua wapi. Nikamwelekeza, kwa heshima zote.

Na nyie mnaotaka kutengeneza TAZARA yenyewe, najua mpo. Reli ile upana wake ni milimita 1067, ukiipunguza kwa 87 inakuja milimita 12 na kitu, kwa hiyo reli za milimita 12 wanazotumia watu wanaotengeneza treni ndogo za Uswisi zinakufaa, hata Reli ya Kati ya mita moja inaingia humo humo. Nyie meza ya kuzungusha treni duara ya nini? Kipande cha Mlimba hadi Makambako kinapita ubavuni mwa milima, mahandaki na madaraja, kinataka shelfu ndefu nyembamba ya ukutani, inchi 18 inatosha. Plaiwudi ya nusu inchi, chini fremu ya mbao za inchi 1 kwa 4, kipande cha kukatiza kila inchi 16.

Chipbodi msiguse, bezimenti ina unyevu, itavimba. Na jamani vijana, mnanunua kichwa cha treni dola mia tatu halafu mnalia bei ya mbao! Mnapiga picha reli zimetandazwa kwenye kapeti, nywele za paka zinaingia kwenye gia, mwezi ujao mnauza kila kitu mnasema hobi ni ya wazungu. Weka meza ifike kifuani, nunua pima maji, kila mguu uwe na bolti ya kupandisha na kushusha manake sakafu ya zege haijanyooka hata siku moja.

Mdogo wangu wa Texas, kama risiti unayo rudisha HO uchukue N na mlango. Kama huna, waambie dukani wakukatie shiti vipande viwili vya futi 2 kwa 8, vipange herufi L kwenye kona ya chumba, treni iende na kurudi. Ila kama unaishi ghorofani, pima kwanza ngazi zinapokata kona, futi 8 hazipindi.