Mleta uzi, hayo maharage yachemshe kwanza

Usiwashe hilo jungu. Salamu baadaye.

Nimesoma uzi wako wote, nikasoma na majibu ya wenzangu wanaokwambia "ongeza hoho, inanoga", na hakuna hata mmoja aliyeona ulichokiandika pale katikati. Kwamba Jumamosi una wageni wanane hapo Raskazone, hapahapa Tanga, na unawapikia supu ya maharage kwa resipi ya Marekani. Kwamba umenunua kilo ya maharage mekundu ya Lushoto. Na kwamba utayaosha, utayamimina makavu vilevile kwenye jungu la umeme la kupika taratibu, utalitegesha moto wa chini kabisa saa mbili asubuhi, uende kwenye shughuli zako, urudi saa kumi ukute supu. Mdogo wangu, saa kumi utaikuta supu kweli. Kasheshe inaanza saa kumi na mbili.

Mimi niliipika supu hiyohiyo, kwa jungu la aina hiyohiyo. Tuliila watu kumi na mmoja. Tuliitapika watu kumi na mmoja. Sijawahi kupika kitu kikawapata watu wote sawasawa namna ile, hata pilau huwa kuna anayekosa nyama.

Ilikuwa kumi la pili la Ramadhani, miaka sita nyuma, nikikaa Mikanjuni. Nimealika upande wa mume wangu kufuturu, na mama mkwe kapanda gari toka Pangani kwa ajili hiyo tu. Jungu nilikuwa nimelinunua wiki ileile Ngamiani, kwenye duka la vyombo vya mtumba, barabara namba ngapi sitaji, shilingi 65,000. Muuzaji alilifunua kile kifuniko cha kioo kama mtu anayefunua sanduku la dhahabu. "Mama, hiki chombo cha Waingereza. Unatia kila kitu, unawasha, unakwenda kulala." Nikamuuliza, hata maharage? Akacheka. "Hata mawe yanaiva humu." Mtu ambaye nina hakika chai anachemshiwa na mkewe. Leo hii nikipita ile barabara navuka upande wa pili, siyo kwa hasira, kwa usalama wake.

Na mimi sikuwa mjinga kabisa, nikaingia mtandaoni kuhakikisha. Nikamkuta dada mmoja, jiko jeupe kama zahanati, kucha ndefu ambazo haziwezi kumenya hata kitunguu. Anamimina maharage kwenye jungu, anaweka nyama, anafunika, picha inakatwa, supu hiyo hapo imeiva. Kumbe alichomimina ni maharage ya kopo! Yameshapikwa kiwandani, yeye anayapasha moto tu. Hakusema. Nililigundua hilo miezi baadaye, niliporudia ile video kwa uchungu na kuliona kopo limejificha nyuma ya chupa ya mafuta. Mtu anakuficha kopo, wewe unalazwa.

Basi saa nne asubuhi nikatia: maharage mekundu makavu, kongoro, kitunguu, kitunguu saumu, maji. Nikategesha chini. Mchana kutwa nyumba inanukia mpaka jirani akaja kuuliza "leo kuna nini?" Nami nimefunga, hata sikuionja kwa ncha ya ulimi. Nimeipima kwa pua na macho. Mvuke upo, mchuzi mzito, maharage yamevimba vizuri na ganda halijapasuka. Mwenyewe nikajisifu.

Adhana, tende, uji, halafu supu. Nakumbuka kitu kimoja ambacho kingetosha kunishtua: nilibonyeza harage moja kwa meno ya mbele, nje laini, ndani kama chaki. Likasema *kruch*. Nikasema moyoni, aa, ni moja tu hilo. Shemeji yangu akasema yana ukakasi kidogo lakini matamu, akaongeza bakuli la pili. Adabu za wakwe hizo, ndizo zilizomponza.

Wanaume wakaenda tarawehe. Saa mbili na robo shemeji akatoka kwenye safu baada ya rakaa ya nane, mbio. Waliokuwa pembeni yake wakadhani ni wale wenzetu wanaoishia rakaa nane badala ya ishirini, wakaanza na kunong'ona. Maskini, hakuwa na msimamo wowote wa kidini wakati ule, alikuwa anatafuta choo. Nyumbani nako mama mkwe keshaegemea ukuta wa uani anaita mama yake mzazi, marehemu. Watoto wawili wanatapika kwenye ndoo moja kwa zamu. Na choo chetu ni kimoja, tafadhali piga hesabu mwenyewe.

Hapa Tanga tunasema waja leo waondoka leo, tukimaanisha kinyume, kwamba mgeni akishafika hatoki tena. Wangu walikuja leo wakaondoka leo, kwa bajaji tatu, mmoja amekumbatia beseni langu la kijani ambalo mpaka hii leo halijarudi. Wanne walitundikiwa dripu hospitalini. Na pale ndipo kijana mmoja daktari, mdogo kwa mwanangu wa kwanza, aliposikiliza orodha yote ya futari, tende, uji, sambusa, akasimama kwenye maharage.

"Yalichemka?"

Nikamwambia yalipikwa kwa saa nane na nusu.

"Mama, sijauliza saa ngapi. Yalichemka? Yalitokota?"

Nikamwambia yalikuwa yanatoa mvuke. Akatikisa kichwa, akaandika.

Hili ndilo ninalotaka likuingie, mengine hata ukiyasahau. Harage lina sumu yake ya asili, wataalamu huiita lektini, na mekundu ndiyo yanayoongoza. Siyo dawa ya shambani, siyo uchafu, kuosha hakusaidii. Yakiwa mabichi, hata manne au matano yanatosha kumwangusha mtu mzima. Inashika ukuta wa utumbo, na ndani ya saa moja mpaka tatu unaanza kutapika, kisha kuharisha na tumbo kunyonga. Heri yake ni kwamba ina haraka ya kuja na haraka ya kuondoka, baada ya saa tatu nne wengi wanapoa. Kinachoiua ni maji yanayochemka, nyuzi 100, kwa dakika 10 za kweli. Wamarekani wanaosimamia usalama wa chakula wanashauri 30, ili joto lifike mpaka kwenye kiini cha kila harage.

Sasa sikia kichekesho. Moto mdogo hauipunguzi, unaiamsha. Maharage yaliyopashwa mpaka nyuzi 80 tu yamepimwa yakakutwa na sumu mara tano kuliko mabichi! Na jungu la kupika taratibu ndiko linakokaa huko. Wengine wameyapima wakakuta chakula ndani yake hakizidi nyuzi 75. Mimi nami nilipopona nikaazima kipimajoto cha jikoni kwa rafiki yangu anayeoka keki, nikatia maji matupu kwenye jungu langu, nikategesha chini. Baada ya saa nne: nyuzi 74. Mvuke unapanda, kioo kimelowa, na chini hakuna kinachotokota. Kwa hiyo saa nane zangu zote nilikuwa siyapiki, nayalea.

Ndiyo maana bibi zetu hawakuwahi kuwa na habari ya lektini wala kuumwa nayo. Wao waliyatokotesha juu ya mafiga tangu asubuhi, kifuniko kinaruka, povu linazima moto. Bibi wa namna hiyo angemwona yule muuzaji wangu angemchapa upawa.

Utaniambia "lakini resipi yangu ya Marekani imeandika tia moja kwa moja". Resipi ya namna yako naijua. Hata mgahawa wa Baraza la Seneti kule Washington wana supu ya maharage na mguu wa nguruwe kila siku, zaidi ya miaka mia sasa. Lakini hao wanatumia maharage meupe madogo, na wanayapika kwenye moto unaochemsha. Meupe sumu yake ni ndogo kuliko ya mekundu, hata yale meupe makubwa yana kama theluthi tu. Wewe umechukua karatasi ya meupe ukanunua mekundu. Na hata meupe, nami sasa nayachemsha. Hata ningeletewa maharage ya bluu ningeyachemsha.

Kwa hiyo Ijumaa jioni yaloweke, yasipungue saa tano. Kwa joto letu hili la pwani usiyaache mezani mpaka asubuhi, utayakuta yana povu yanaanza kuchacha. Yatie kwenye friji, au ubadili maji kabla ya kulala. Asubuhi MWAGA yale maji. Usiyahurumie kwa sababu yana rangi nzuri. Tia maji mapya kwenye sufuria ya kawaida, jiko la gesi au la mkaa, moto mkubwa, kifuniko pembeni. Yakianza kubwabwaja kweli, siyo vipovu vya pembeni, katikati kabisa ya sufuria, hapo ndipo unaanza kuhesabu. Mimi nahesabu 30 kwa simu, siamini kichwa changu tena. Halafu ndiyo uyahamishie kwenye jungu lako la kifahari, ulale unavyotaka. Nina shangazi Lushoto, huko juu maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, yeye namwambia aongeze na zaidi.

Kijipande cha magadi kinalainisha, sawa, lakini kulainika na kuchemka ni vitu viwili. Yangu yalikuwa laini kwa nje.

Uliuliza badala ya ule mguu wa nguruwe wa moshi ulio kwenye resipi uweke nini, kwa kuwa wageni wako wanaswali. Chukua kongoro. Ule mguu wa nguruwe kazi yake kwenye supu ni tatu, chumvi, moshi na ule utelezi wa ngozi na mishipa. Kongoro la ng'ombe lina utelezi wa kumwaga, na kwa kuwa wanaliunguza manyoya kwenye moto, ule moshi unakuja nao bure. Mwambie muuzaji alikwangue vizuri lakini asilioshe mpaka likawa jeupe kama sabuni. Nalo lichemshe sufuria yake peke yake, saa tatu au zaidi. Chumvi tia, habari ya kwamba chumvi inayafanya maharage yagome ni maneno ya watu. Kinachoyagomesha ni uchachu: nyanya, ndimu, ukwaju, hivyo subiri mpaka yameiva ndiyo utie.

Tukirudi kwenye gharama, maana naona unasema unataka kubana matumizi. Jungu 65,000. Bajaji, dripu, dawa, karibu laki tatu. Beseni. Na mama mkwe, miezi minne hakutia kitu changu mdomoni, akija anakuja na chupa yake ya chai. Kule Pangani habari ilifika kabla yake, kwamba nimelisha ukoo sumu. Jirani yangu mmoja, mwenye nia njema lakini mdomo hauna kufuli, akaniambia hapa kuna mkono wa mtu, kuna fundi anamjua, anataka 40,000 na kuku mweusi. Nikamwambia mkono wa mtu upo, ni huu hapa, uliotegesha jungu kwenye moto wa chini.

Jungu sikulitupa. Napikia kongoro, napikia uji wa asubuhi, nyama yake inalainika vizuri sana ajabu. Maharage yanaingia humo yakiwa yameshatoka kwenye moto wa kweli.

Kulikuwa na swali lako jingine, la viazi na karoti nadhani, na lile la kugandisha inayobaki. Sikumbuki, na siwezi kurudi juu kulisoma, simu ina asilimia tatu. Wenye hoho watakujibu.

Mama mkwe siku hizi anakula kwangu. Lakini akifika, kabla hajavua baibui, anaingia jikoni, anafunua sufuria, anachota harage moja kwa kijiko, analiponda kwa dole gumba kwenye kiganja, analitazama ndani. Kisha ananigeukia: "Yamechemka?"

"Nusu saa, mama."

"Nani alihesabu?"

Namwonyesha simu.

Ijumaa usiku ingia hapa uandike kama umeyaloweka. Jumamosi asubuhi uandike yalitokota dakika ngapi, na "nadhani kumi" siipokei.