Ulizeni "Tangu Lini" Kabla ya Kuandika Jina la Ugonjwa

Ninyi mnaoanza kazi katika kliniki za afya ya akili za Mbeya, Iringa na Njombe mtayajua majina ya magonjwa haraka, lakini mara nyingi kinachoamua utambuzi sahihi ni kujua hali ilianza lini na ilianzaje, na jibu hilo analo zaidi ndugu aliyemleta mgonjwa. Mtu mzima aliyebadilika ndani ya siku mbili au tatu, asiyejua mahali alipo, na ambaye hali yake hupanda na kushuka kati ya mchana na usiku, mchukulieni kuwa ana ugonjwa wa mwili hadi vipimo vioneshe vinginevyo. Pimeni joto, sukari, malaria na VVU, na kagueni kama shingo imekakamaa.

Mtaletewa mwanamume aliyefungwa kamba mikononi, anatokwa jasho, vidole vinatetemeka, naye anaokota kwenye shuka wadudu wasiokuwepo. Familia itasema amerogwa. Mketisheni shemeji yake pembeni, naye atawaeleza kwamba mgonjwa amekunywa ulanzi na pombe kali kila siku kwa miaka mingi, kisha akaacha ghafla siku tatu zilizopita. Hali hiyo ya kuacha pombe ghafla huua. Anahitaji diazepamu, yaani dawa ya kutuliza, maji ya kutosha, na vitamini B1 kabla ya kuwekewa glukosi, kwa kuwa glukosi ikitangulia humaliza akiba ndogo ya vitamini hiyo na ubongo unaweza kuharibika. Haloperidoli, dawa ya kupunguza dalili za kuchanganyikiwa akili, peke yake haitoshi hapo, tena inaweza kuchochea degedege. Kamba nazo zifunguliwe. Naamini kwa dhati kwamba heshima ni sehemu ya tiba.

Kifafa kinachoanza ukubwani kikiambatana na mabadiliko ya tabia kiwakumbushe minyoo ya tegu kwenye ubongo, hasa vijiji ambako nguruwe huachwa wazurure. Si lazima mgonjwa awe mla kitimoto, maana mayai ya tegu humwingia mtu kupitia chakula au maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha binadamu.

Sonona hujificha zaidi. Mgonjwa atalalamika kwamba kichwa kinawaka moto, mwili wote unauma na usingizi umepotea, naye atakuwa amekwisha kutibiwa malaria na taifodi mara kadhaa. Ulizeni kama kwa wiki mbili au zaidi amepoteza furaha na hamu ya shughuli zake, kisha mwulizeni waziwazi kama amefikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusema. Kwa mkulima wa viazi au nyanya, ulizeni pia viuatilifu vinawekwa wapi, na mwombeni ndugu avihamishie kwa jirani siku hiyohiyo.

Dawa zielezeni kabla hazijamezwa. Fluoksetini, dawa ya sonona, huchukua wiki mbili hadi nne kuonesha nafuu, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri iendelee kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Anayepewa haloperidoli anaweza kupinda shingo na kukaza taya siku za mwanzo, na ndugu wasioambiwa hayo watadhani mashetani yamezidi, wataacha dawa na kwenda kwa mganga. Waambieni kwamba ni athari ya dawa, kwamba benzhexoli huituliza, na kwamba wamrudishe mgonjwa siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.