Jibu: Mbwa mkubwa anayekojoa sebuleni

Pole sana ndugu. Umesema mbwa wako jike wa miaka 4 anakojoa sebuleni usiku, na ukimfokea anajificha chini ya meza. Acha kabisa kumfokea. Anachojifunza hapo ni kukojoa usipomwona. Mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo apimwe mkojo, maana jike aliyefungwa kizazi huweza kuvuja akiwa usingizini, na hiyo hutibiwa kwa dawa, si kwa fimbo. Akiwa mzima, anza naye kama mbwa mtoto: mtoe akiamka, akishakula na kabla ya kulala, usimame naye palepale kwenye majani. Akimaliza tu, kipande cha nyama mdomoni. Zulia lioshe kwa sabuni yenye vimeng'enya, yaani viambato vinavyovunjavunja mkojo hadi harufu iishe. Yenye amonia usiguse, inanuka kama mkojo wenyewe, atarudi palepale.