Unga wa kahawia chini ya nondo

Fremu yangu ya kwanza ya vipepeo waliokaushwa niliitundika mkabala na dirisha, nikitaka waonekane vizuri. Wakaonekana kweli. Baada ya mwaka na ushei wale wa manjano walikuwa wamechujuka kama kanga iliyosahauliwa kambani, ila yule wa buluu, kipepeo aitwaye Morpho, alibaki anang'aa vilevile. Buluu yake haitokani na rangi ya kupakwa, bali na umbo la magamba madogo mno ya bawa yanavyorudisha mwanga. Wenzake wana rangi hasa, na jua huila. Kioo cha kuzuia mionzi ya urujuanimno husaidia. Ukuta usiofikiwa na jua husaidia zaidi.

Balaa la pili lilikuwa unga. Niliuona chini ya nondo mmoja mnene, mdudu wa jamii ya vipepeo, nikadhani vumbi. Kumbe ni tumbo lake, linatafunwa kwa ndani na mabuu wenye manyoya wa mbawakawa wadogo, hao hao wanaokula sufu. Ukiuona unga huo, usihangaike kupanguza. Funga fremu nzima ndani ya mfuko wa plastiki, itie kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa, iache ipate joto la chumba kabla hujafungua mfuko, la sivyo umande utatua juu ya mbawa. Siku hizi kwangu hakuna mdudu anayeingia kisandukuni bila kupitia friza. Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, nimeiacha, sumu hiyo naivuta mimi pia.

Kumtandaza mdudu mbawa si kazi ngumu, ni ya subira. Aliyekauka usimlazimishe mbawa, zitavunjika. Mweke kwenye kopo lenye karatasi iliyolowa, yeye mwenyewe asiguse maji, ufunike siku moja hadi tatu. Ukizidisha, ukungu unakuwahi. Pini ipite katikati ya kifua, mbawa zibanwe kwa vipande vya karatasi, na ushike kwa kibano, maana kila kidole huondoka na magamba yake. Wiki mbili zatosha kukauka, nondo wanene huhitaji zaidi.

Halafu kibandiko, mahali na tarehe, kichomwe kwenye pini ileile siku hiyohiyo. Mimi nilijiambia nitakumbuka. Ninao kumi na mmoja wazuri ajabu, na hakuna hata mmoja ninayejua nilimpata wapi.